Chaza na Hazina ya Urithi Wake: Elimu ya Jenomu katika Ufugaji wa Viumbe vya Baharini

Kati ya wanyama wote wanaofugwa kwa ajili ya chakula, chaza ana sifa moja isiyo ya kawaida: mfugaji wake hamlishi. Ng'ombe hupelekwa malishoni, kuku hutiliwa pumba, na samaki wa bwawani hutupiwa chakula; lakini chaza, akishawekwa baharini, hujitafutia mwenyewe kwa kuyachuja maji na kunasa mimea midogo sana inayoelea ndani yake. Hapana shaka hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya ufugaji wa chaza, kome na jamaa zao uenee katika pwani nyingi za dunia. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, moluska waliofugwa duniani mwaka 2020 walifikia karibu tani milioni 17.7, na sehemu kubwa ya hao ilitoka China.

Lakini mnyama asiyelishwa ni mnyama asiyeweza kutengwa na mazingira yake. Maji yale yale yanayomletea chakula ndiyo yanayomletea maradhi, na mfugaji hana namna ya kuizungushia bahari ua. Ugonjwa ukiingia katika ghuba, hana dawa ya kutia majini wala chanjo ya kumdunga chaza. Silaha kubwa aliyo nayo ni moja tu: kuchagua wazazi ambao watoto wao watastahimili. Makala haya yanaeleza jinsi uchaguzi huo unavyofanywa, kwa nini kwa chaza ni mgumu kuliko kwa ng'ombe au mahindi, na jinsi elimu ya jenomu, yaani usomaji wa urithi wote wa kiumbe, inavyoweza kuufanya bila kuiharibu hazina inayotegemewa.

MAISHA YA CHAZA

Chaza anayefugwa kwa wingi na kuchunguzwa zaidi ni yule wa Bahari ya Pasifiki, ambaye jina lake la kisayansi ni Crassostrea gigas. Baadhi ya wataalamu siku hizi humwita Magallana gigas. Asili yake ni pwani za Japani, Korea na China, lakini binadamu amempeleka Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand.

Chaza huyu hana ndoa. Jike humwaga mayai baharini na dume humwaga mbegu zake, na utungisho hufanyika nje ya mwili, majini. Jike mmoja aliyekomaa anaweza kutoa makumi ya mamilioni ya mayai kwa mara moja. Aghalabu chaza huanza maisha ya uzazi akiwa dume, na baadaye wengi hugeuka kuwa majike. Kwa hiyo jinsi ya chaza si jambo la kudumu kama ilivyo kwa wanyama wengi tuwajuao.

Yai lililotungishwa hugeuka kuwa lava, mtoto mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho matupu, ambaye huogelea na kuchukuliwa na mkondo kwa muda wa wiki mbili au tatu. Mwishoni mwa muda huo huota mguu mdogo, hutafuta mahali pagumu penye kumfaa, hujigandisha hapo kwa namna ya saruji, na hahami tena maisha yake yote. Chaza mchanga wa namna hiyo ndiye wafugaji wamwitaye mbegu. Mbegu huweza kukusanywa baharini kwa kutega vigae, magamba au vijiti, au huzalishwa katika kituo maalumu ambamo wazazi, mayai na lava hutunzwa katika matangi.

MAAFA YA UFARANSA

Historia ya chaza nchini Ufaransa inaonyesha waziwazi hatari ya kuitegemea aina moja. Kwa karibu miaka mia moja, wafugaji wa huko walimtegemea sana chaza aliyeitwa wa Kireno, Crassostrea angulata. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 chaza huyo alipatwa na maradhi ya matamvua, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu wote waliangamia. Ili kuokoa kazi za watu, chaza wa Pasifiki waliletwa kutoka Japani na kutoka jimbo la British Columbia nchini Kanada, wakapandwa kwa wingi, wakastawi. Inafaa kutajwa kwamba uchunguzi wa DNA uliotangazwa mwaka 1998 ulithibitisha kuwa hata huyo chaza wa Kireno hakuwa mzaliwa wa Ureno. Asili yake ni Asia, na yamkini aliletwa Ulaya na merikebu za karne zilizopita.

Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini mgeni huyo mpya alilisha familia nyingi za pwani. Kisha, katika majira ya joto ya mwaka 2008, mbegu za chaza zilianza kufa kwa wingi katika ghuba moja baada ya nyingine. Katika mashamba mengi zaidi ya nusu ya chaza wachanga walikufa kwa muda wa siku chache. Wataalamu walitambua aina mpya ya virusi vya jamii ya hepesi, vinavyojulikana kwa ufupi kama OsHV-1, ambavyo katika bahari za Ulaya huwaka hasa maji yanapofikia joto la nyuzi 16 za Selsiasi na kupita. Mwaka 2010 virusi vya aina hiyo vilizuka New Zealand na Australia, na mwaka 2016 viliingia katika mashamba ya chaza ya Tasmania.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulieleza namna kifo kinavyotokea. Virusi huanza kwa kushambulia chembe za damu za chaza, ambazo ndizo askari wake. Askari wakishadhoofika, bakteria waliokuwa wakiishi kandokando bila kuleta madhara huingia mwilini na kumaliza kazi. Kwa maneno mengine, virusi huvunja mlango na bakteria huingia ndani.

KWA NINI CHANJO HAIFAI

Mwanafunzi anaweza kuuliza: mbona kuku huchanjwa dhidi ya kideri, na chaza asichanjwe? Jibu liko katika maumbile. Ndege, samaki na wanyama wengine wenye uti wa mgongo hutengeneza kingamwili, yaani protini maalumu zinazokitambua kijidudu fulani na kukikumbuka kwa muda mrefu. Chanjo hufanya kazi kwa kuifundisha kumbukumbu hiyo. Chaza hana kingamwili za namna hiyo. Kinga yake hutegemea chembe za damu na protini ambazo amezaliwa nazo. Kwa hiyo, kinga ya chaza ni jambo la urithi zaidi kuliko la mafunzo.

Hapo ndipo panapopatikana matumaini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya maafa ya 2008, watafiti wa taasisi ya Ufaransa ya uchunguzi wa bahari, Ifremer, walizalisha familia nyingi za chaza na kuziweka baharini pamoja. Waligundua kuwa familia fulani zilikufa kwa wingi wakati wa joto, na nyingine, zikiwa katika maji yale yale, zilisalia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa watoto wa familia zilizochaguliwa kwa kustahimili vifo hivyo walivistahimili pia virusi vya OsHV-1. Ustahimilivu, basi, hurithiwa. Na kinachorithiwa kinaweza kuchaguliwa.

UZAO MWINGI, WAZAZI WACHACHE

Kwa mtazamo wa haraka kazi iliyobaki ingeonekana kuwa rahisi. Jike mmoja hutoa mayai makumi ya mamilioni. Basi achaguliwe jike mmoja hodari na madume wachache hodari, na nchi nzima ipate mbegu. Mtego uko hapo hapo. Uzao mwingi wa chaza ndio utajiri wake, na ndio unaoweza kumwangamiza.

Wataalamu wa urithi hawahesabu wazazi kwa vichwa tu. Hutumia kipimo kiitwacho idadi fanisi ya wazazi, ambacho hupatikana kwa kanuni hii:

Idadi fanisi = (4 × majike × madume) ÷ (majike + madume)

Tuseme kituo kimetumia jike 1 na madume 50. Wazazi kwa vichwa ni 51. Lakini kwa kanuni hiyo, idadi fanisi ni 200 ÷ 51, yaani karibu 3.9. Mbele ya urithi, wazazi hao 51 ni sawa na wazazi wanne tu, kwa kuwa kila mtoto amepata nusu ya urithi wake kutoka kwa mama yule yule. Kama kituo kingetumia majike 25 na madume 26, idadi fanisi ingekuwa karibu 51.

Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Sehemu ya utofauti wa urithi inayopotea katika kila kizazi ni 1 ÷ (2 × idadi fanisi). Katika mfano wa kwanza, karibu asilimia 13 hupotea kwa kizazi kimoja. Katika mfano wa pili, asilimia 1 tu. Kituo cha kwanza kikiendelea hivyo kwa vizazi vitano, karibu nusu ya utofauti itakuwa imetoweka. Kituo cha pili kitakuwa kimepoteza kama asilimia 5. Na yafaa ikumbukwe kuwa kanuni hii inachukulia kwamba wazazi wote wamechangia sawasawa. Katika tangi la chaza sivyo ilivyo: mbegu za dume mmoja zaweza kuwashinda wenzake na kutungisha mayai mengi kuliko wote.

Hata baharini penyewe jambo hilo hutokea. Mwaka 1994 mwanasayansi wa Marekani, Dennis Hedgecock, alitoa nadharia inayofananisha uzazi wa chaza na bahati nasibu. Mamilioni ya wazazi humwaga mayai na mbegu, lakini ni wachache tu ambao lava wao hukutana na mkondo mzuri, chakula cha kutosha na mahali pa kugandia kwa wakati ufaao. Hao wachache hujaza ghuba kwa watoto wao. Wengine wote, ingawa walizaa, ni kana kwamba hawakuzaa.

MENDEL BAHARINI

Kupotea kwa utofauti kungekuwa hasara ndogo kama chaza angekuwa na urithi safi. Lakini hana. Uchunguzi wa Sophie Launey na Dennis Hedgecock uliotangazwa mwaka 2001 unafaa sana kufundishiwa katika darasa la bayolojia, kwa kuwa unatumia kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huijifunza: kanuni ya Mendel.

Wazazi wawili wakiwa kila mmoja na nakala A na nakala B ya alama fulani ya DNA, watoto wao hutarajiwa kuwa wa namna tatu, AA, AB na BB, kwa uwiano wa 1 : 2 : 1. Kati ya watoto 400, basi, 100 watakuwa AA, 200 AB, na 100 BB. Watafiti hao waliwapima chaza wa familia zilizotokana na koo zenye uzalishanaji wa ndugu mara mbili: kwanza saa 6 baada ya utungisho, kisha baada ya miezi miwili au mitatu. Saa 6 baada ya utungisho uwiano wa Mendel ulionekana kama utarajiwavyo. Baada ya miezi michache ulikuwa umeharibika: mara nyingi watoto wenye nakala mbili zinazofanana walikuwa wamepungua mno au wametoweka kabisa.

Mendel hakukosea, watoto wale walizaliwa, ila walikufa. Maelezo yake ni kwamba karibu na alama ile palikuwa na jeni fiche yenye madhara. Jeni fiche ni ile ambayo haionyeshi athari yake maadamu mwenye kuirithi anayo nakala nyingine iliyo nzima. Mtoto aliye AB husalimika, kwa sababu nakala nzima huficha ubovu wa mwenzake. Mtoto aliyepata nakala mbovu kwa baba na kwa mama hana pa kukimbilia. Kwa kukadiria jenomu nzima, watafiti waliona kuwa kila chaza wa baharini aliyetumiwa kuanzisha koo zile alikuwa amebeba angalau jeni fiche 8 hadi 14 zenye madhara makubwa.

Sasa hatari ya wazazi wachache inaeleweka vizuri. Ndugu kwa ndugu wakizaliana, nakala mbovu iliyotoka kwa babu mmoja hukutana na nakala yake yenyewe. Kinyume chake pia ni kweli: ukoo mmoja ukizalishwa na ukoo mwingine wa mbali, kila upande huficha kasoro za mwenzake, na watoto hukua kwa nguvu kuliko wazazi wao. Mkulima anayepanda mahindi chotara anaifahamu faida hiyo shambani kwake. Chaza chotara huionyesha vivyo hivyo.

KUISOMA JENOMU

Jenomu ya chaza wa Pasifiki ilitangazwa mwaka 2012 na kundi la wanasayansi lililoongozwa na wataalamu wa China. Ilionekana kuwa na jeni kama 28,000 katika jozi 10 za kromosomu. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa, na sababu yake ni ule utofauti uliokwisha kutajwa. DNA huandikwa kwa herufi nne. Ukilinganisha nakala mbili za DNA ya binadamu, utakuta tofauti kama herufi moja katika kila 1,000. Kwa chaza, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta tofauti moja katika kila herufi 40 hadi 60. Kuiunganisha jenomu ya namna hiyo kutokana na vipande vyake ni kama kukiunganisha kitabu kilichochanika, ikiwa nakala mbili za kitabu hicho zimechanganyika na hazikubaliani karibu katika kila mstari. Watafiti walilazimika kumtumia jike aliyetokana na vizazi vinne vya ndugu waliozalishwa pamoja ili kuipunguza tofauti hiyo. Mwaka 2021 zilitolewa jenomu zilizopangwa vizuri zaidi, kromosomu kwa kromosomu.

Jenomu hiyo ilieleza pia kwa nini chaza ni mvumilivu. Maji yakitoka, chaza hubaki juu ya mwamba akichomwa na jua. Mvua ikinyesha, maji ya chumvi hugeuka kuwa karibu matamu. Hawezi kukimbia. Badala yake ana jeni nyingi za kuulinda mwili. Miongoni mwake ni zile za protini za mshtuko wa joto, ambazo huzisaidia protini nyingine zisiharibike umbo wakati wa taabu. Katika kundi moja la jeni hizo, liitwalo HSP70, binadamu ana jeni kama 17. Chaza amekutwa na 88.

KUCHAGUA WAZAZI KWA DNA

Katika uchaguzi wa zamani, mfugaji humtazama mnyama mwenyewe: aliyenusurika ndiye huzalishwa. Njia hiyo imefanikiwa mara nyingi. Huko Delaware Bay, Marekani, ambako maradhi yaitwayo MSX yaliwaangamiza chaza kuanzia mwaka 1957, Harold Haskin wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake waliwazalisha walionusurika kizazi baada ya kizazi, wakapata koo zilizostahimili zaidi. Lakini njia hiyo ina upungufu. Chaza aliyenusurika ugonjwa wa virusi huenda bado amevibeba, na haifai kumwingiza katika kituo chenye lava wasio na ugonjwa. Tena, asiyejua nani ni ndugu wa nani huweza kuchagua walionusurika mia moja ambao wote ni watoto wa mama mmoja.

Uchaguzi kwa jenomu hufuata hatua zifuatazo:

1. Huchukuliwa wazazi wengi wasio na udugu wa karibu, na kila jike huzalishwa na madume kadhaa ili zipatikane familia nyingi.

2. Watoto hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza hutiwa katika maji yenye virusi. Fungu la pili hutunzwa mahali salama.

3. Katika fungu la kwanza huandikwa nani amekufa na nani amesalia. Wote, wafu na wazima, hukatwa kipande kidogo cha nyama, na DNA yao husomwa katika maelfu ya alama kwa wakati mmoja.

4. Kwa hesabu za kompyuta hutafutwa uhusiano kati ya kila alama na kusalia hai. Katika uchunguzi wa virusi vya OsHV-1 imeonekana kuwa ziko sehemu za kromosomu zenye athari kubwa kiasi, lakini sehemu nyingi ya ustahimilivu hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

5. Chaza wa fungu la pili, ambao hawajapata kuviona virusi, husomwa DNA zao. Kwa kutumia hesabu za fungu la kwanza hukadiriwa nani kati yao angestahimili. Hao ndio huchaguliwa kuwa wazazi.

Faida ya njia hii ni mbili. Ya kwanza, wazazi huchaguliwa bila kuugua. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi kwa maoni ya wataalamu wengi wa urithi, DNA ile ile inayoonyesha ustahimilivu huonyesha pia udugu. Mbegu ya chaza ni ndogo mno kuvalishwa alama ya utambulisho kama hereni ya ng'ombe. Familia nyingi zikichanganywa katika tangi moja, macho hayawezi kuzitenganisha. DNA huzitenganisha. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuchagua wazazi hodari na kuhakikisha papo hapo kuwa hawatoki nyumba moja.

Kazi hizi aghalabu hufanywa na watafiti ambao wamemaliza shahada ya udaktari karibuni na kuajiriwa kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu. Mtafiti wa namna hiyo hana budi kujua mambo matatu ambayo zamani yaligawanywa kwa watu watatu: kutunza lava, kufanya kazi ya maabara, na kuendesha hesabu kubwa kwa kompyuta. Lava wasipobadilishiwa maji kwa wakati hufa wote, na pamoja nao huzama matayarisho ya miezi. Lakini kikwazo kikubwa ni muda. Chaza huhitaji mwaka mmoja hata miwili kabla ya kufaa kuzalishwa, na zaidi ya hapo kufikia ukubwa wa kuuzwa. Mkataba huweza kwisha kabla mtafiti hajawaona wajukuu wa chaza aliowachagua. Ndiyo maana programu za uchaguzi zinazofaulu ni zile zenye taasisi inayodumu, kumbukumbu zilizoandikwa vizuri, na koo zinazotunzwa hata mtafiti mmoja anapoondoka.

MIPAKA YA ELIMU HII

Haifai kudhani kuwa kila taabu ya chaza huponywa kwa jeni. Mwaka 2007 na 2008 kituo kimoja kikubwa cha mbegu katika ghuba ya Netarts, jimbo la Oregon nchini Marekani, kilipoteza lava wengi mno. Baada ya uchunguzi ilionekana kuwa maji ya kina kirefu yenye hewa nyingi ya ukaa yalikuwa yakipanda juu na kuingia katika mabomba ya kituo. Maji hayo yana asidi zaidi, na lava walishindwa kujijengea magamba. Dawa iliyopatikana haikuwa ya urithi: maji yalipimwa kila wakati, na asidi yake ikapunguzwa kwa magadi kabla ya kuwafikia lava.

Jambo la pili ni kwamba kustahimili ugonjwa mmoja si kustahimili magonjwa yote. Chaza aliyechaguliwa kwa ajili ya virusi vya leo huenda akashindwa na kimelea cha kesho. Hakuna ajuaye ni jeni ipi itakayohitajiwa miaka ishirini ijayo. Na jeni iliyopotea katika ukoo hairudishwi kwa hesabu. Kwa sababu hiyo utofauti wa urithi ni akiba. Kila uchaguzi, hata ulio mzuri, hutumia sehemu ya akiba hiyo, na busara ya mfugaji hupimwa kwa kiasi anachobakiza.

CHAZA WA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Katika miamba na mizizi ya mikoko ya pwani ya Kenya na Tanzania hugandia chaza wa aina nyingine, Saccostrea cucullata. Tangu zamani wanawake na watoto wamekuwa wakimbandua wakati wa maji kupwa, hasa katika bamvua. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kuwa jina hilo moja la kisayansi limefunika koo kadhaa zilizotawanyika katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Katika Ghuba ya Menai, Unguja, vikundi vya wanawake vimefuga chaza wa aina nyingine tena, Pteria penguin, kwa ajili ya lulu nusu.

Mafunzo ya Ufaransa na Oregon yanahusu pwani hii pia. Mbegu zinazotegwa baharini huja na utofauti wao. Lakini siku kituo cha kuzalisha mbegu kinapoanzishwa, swali la kwanza lisiwe ni mayai mangapi yatapatikana, bali ni wazazi wangapi watatumika na wametoka wapi. Tena, chaza wa kigeni asiletwe kwa haraka kwa sababu anakua upesi, kwa maana anaweza kuja na maradhi yake. Tahadhari hizi hazihitaji mashine za bei kubwa. Zinahitaji daftari la kumbukumbu, kanuni ndogo ya hesabu iliyoelezwa hapo juu, na subira.

ZOEZI LA DARASANI

Weka katika mfuko punje 40: 10 za mahindi, 10 za maharage, 10 za kunde na 10 za choroko. Punje hizi ni nakala za jeni moja katika ukoo wa chaza. Mwanafunzi achote punje 4 bila kutazama. Hizo ni jeni za wazazi wawili. Mfuko umwagwe, kisha ujazwe upya kwa punje 40 kwa uwiano wa zile 4 zilizochotwa, yaani kila punje iwakilishwe na punje 10. Rudia mara tano na kuandika aina zilizobaki kila mara. Kisha anza upya, safari hii ukichota punje 20, yaani jeni za wazazi kumi, na kuiwakilisha kila punje kwa punje 2. Linganisha matokeo.

MASWALI

1. Kituo kimetumia majike 2 na madume 30. Tafuta idadi fanisi ya wazazi. (Jibu: 7.5)

2. Katika familia ya chaza, saa 6 baada ya utungisho uwiano wa AA, AB na BB ni 1 : 2 : 1. Baada ya miezi mitatu, kati ya chaza 300 waliopimwa, hakuna AA, 200 ni AB na 100 ni BB. Eleza kilichotokea.

3. Kwa nini chaza walionusurika ugonjwa si lazima wawe wazazi bora wa kituo cha mbegu? Toa sababu mbili.